Andika Moja, Jibu Mawili

Kimya kina aina zake. Kuna kimya cha mtoto aliyelala, na kuna kimya cha mtoto aliyekata kochi kwa mkasi, anasikilizia nani kaona. Kimya cha jukwaa la Chaji hakikuwa cha kwanza wala cha pili. Kilikuwa kimya cha sebule iliyojaa wageni, kila mtu kashika glasi yake, hakuna anayemjua mwenzake.

Chaji ndilo jina alilopewa kazini, kwa sababu popote alipoingia macho yake yalitafuta tundu la umeme kabla ya kutafuta kiti. Alikuwa muuguzi, akahamia chuoni kufundisha, na sasa chuo kilikuwa kimemkabidhi kozi yake ya kwanza ya mtandaoni: namna ya kumuuguza nyumbani mtu aliyepigwa na kiharusi. Wanafunzi wake hawakuwa wasomi wa kutafuta vyeo. Walikuwa mabinti, waume, wajukuu, watu walioamka siku moja wakakuta mtu wao nusu ya mwili imegoma, hospitali ikawapa ruhusa, haya nendeni naye. Kwenye jukwaa kila mmoja alijichagulia jina la utani, maana mambo ya chumba cha mgonjwa si ya kutangaza kwa jina la ukoo.

Video walitazama. Mazoezi walifanya. Ila kule kwenye mjadala, palipoandikwa "Karibuni tuongee", hata nzi hakutua! Chaji aliandika ujumbe wa kwanza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akaona aibu, akafuta.

Bosi wake akamwita. Bosi alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, na akikuita "mpenzi" ujue umekwisha.

"Kozi isiyo na mjadala ni redio," alisema. "Na redio haihitaji mwalimu, mpenzi. Wakiendelea kunyamaza, tutaacha video peke yake na wewe utarudi darasani."

Chaji akakimbilia kwa Fundi, kijana wa mitambo, yule anayekunywa soda asubuhi badala ya chai na kucheka kabla hujamaliza sentensi.

"Dada, watu hawaongei bure," Fundi alimwambia. "Wabane kidogo. Andika moja, jibu mawili. Mtu aweke neno lake, ajibu wenzake wawili. Asipofanya hivyo, somo linalofuata halifunguki. Na ujumbe ukipata majibu mawili nauwashia taa ya kijani. Usiojibiwa unabaki mwekundu."

"Na mimi nitaona nini?"

"Wewe utasoma nyekundu tu, ukaokoe. Za kijani utaona taa na jina tu, maneno nayaficha mpaka ubonyeze, yasikusumbue. Utasoma ngapi, una macho ya buibui?"

Chaji alicheka. Akasema, haya, yafiche.

Weka kidole hapo, tutarudi.

Jamani, jukwaa lililipuka! Watu waliokuwa bubu wakawa kasuku. Ujumbe juu ya ujumbe, majibu juu ya majibu, na taa za kijani zikachipua kwenye skrini kama mahindi machanga baada ya mvua. Chaji akifungua simu asubuhi hakuti nyekundu hata moja. Akawa anatembea koridoni kwa mikogo, na Bosi akamsalimia bila "mpenzi".

Nyumbani alikoishi na mama yake mdogo, simu ilikula naye na kuoga naye. Jioni moja mama mdogo alisimama mlangoni mwa sebule, gauni limelowa mpaka magotini.

"Bomba la jikoni limepasuka."

"Mmh. Safi sana, mama mdogo. Hongera," Chaji alijibu, kidole kikipandisha taa zake.

"Nakwambia maji yanaingia chumbani kwako, unanipa hongera?"

Wakakimbia na ndoo na matambara, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mama mdogo akasema, "Wewe mtu akikuaga anakufa, utamwambia safari njema." Wakacheka tena. Kweli ilichekesha, siku ile.

Kisha Bosi akaitisha kikao. Walimu wa idara zote wakajazana kwenye chumba cha mikutano, mapazia yakashushwa, projekta ikawashwa, na Chaji akasimama mbele na blauzi aliyoipiga pasi mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wenzake jinsi ya kuwafanya watu wasioonana waongee.

"Maneno tumesikia," alisema mwalimu mmoja wa mahesabu, mzee wa ubishi. "Tufungulie ujumbe mmoja tuone hayo maongezi."

Chaji akapitisha macho kwenye kijani chote kile. Akalichagua jina alilolipenda tangu mwanzo: Kifungua Mimba. Binti huyo ndiye aliyejitambulisha siku ya kwanza kwa kusema, "Mimi ni mtoto wa kwanza, baba yangu ndiye mgonjwa, na ni mzito kuliko anavyoonekana." Ujumbe wake wa juzi ulikuwa unang'aa kijani. Chaji akaubonyeza, ukatandaa ukuta mzima:

"Baba akinywa chai anakohoa sana. Juzi macho yalimtoka nikadhani ndiyo basi. Namnywesha amelala kwa sababu peke yangu siwezi kumkalisha. Tangu jana kifua kinatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka. Niendelee kumpa? Samahani kama ni swali la kijinga."

Chini yake, jibu la mtu aliyejiita Dereva Mstaafu: "Nakubaliana nawe mwenzangu. Umeeleza vizuri sana. Hongera."

Chini yake tena, Mjukuu Kipenzi: "Naunga mkono hoja. Tuendelee hivyo hivyo."

Na chini kabisa, Kifungua Mimba mwenyewe: "Asanteni. Nitaendelea."

Nyuma ya chumba mtu alicheka. Kicheko kikakatika katikati. Projekta ikabaki inavuma peke yake.

Chaji alikuwa muuguzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Birika kifuani alilijua. Mtu wa kiharusi koo lake husahau kazi, na ukimnywesha amelala, chai haiendi tumboni, inateremka kwenye mapafu. Somo la kumeza alikuwa amelipanga mbele, wiki mbili zijazo. Na swali lilikuwa limeulizwa juzi, mchana kweupe, mbele ya darasa zima, na yeye mwalimu hakuliona kwa sababu alikubali afichiwe.

Alitoka bila kuaga. Koridoni akatafuta namba ya binti kwenye usajili, akapiga. Iliita mpaka akaanza kuomba.

"Haloo."

"Mimi mwalimu wako wa kozi. Sikiliza, usimpe baba kitu chochote mdomoni! Mwinue, ita jirani akusaidie, halafu mpeleke..."

"Mwalimu." Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali. "Tuko wodini tangu jana. Baba amewekewa mashine ya hewa."

Chaji aliegemea ukuta.

"Mimi niliuliza," binti aliendelea. "Niliuliza mbele za watu. Wakanipa hongera."

"Nimeona. Nimeona sasa hivi."

"Shangazi zangu wamejaa hapa. Wananiuliza nani alinifundisha kumnywesha baba amelala. Wanasema nimemuua kwa mikono yangu. Nikiwaambia niliuliza darasani, wanataka kujua darasa gani hilo. Niwaambie nani?"

Chaji alisikia viatu nyuma yake. Bosi alikuwa ametoka chumbani, miwani imening'inia kifuani, anatikisa kichwa: usiseme, usiseme.

"Waambie mimi," Chaji alisema. "Wape jina langu na namba yangu. Waambie uliuliza, na mwalimu hakusoma."

Binti akasema, "Nitoe kwenye hiyo kozi yenu," na simu ikakatwa.

"Hukuwapa jina lako, mpenzi. Umewapa la chuo," Bosi alisema.

"Mama, angekuwa baba yako?"

"Usinipeleke huko. Ujumbe ule unafutwa leo. Wanafunzi wengine hawana haja ya kujua. Ukiwaambia, nani ataandika tena? Utaiua kozi kwa mkono wako."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Bosi hakuwa anadanganya. Watu waliofungua midomo kwa shida, ukiwaambia midomo yao imemchoma mtu, wataifunga. Na jukwaa likifa, kesho Kifungua Mimba mwingine atamuuliza nani? Chaji alitembea koridoni akienda na kurudi, simu mkononi, mara ya kwanza maishani hajui aiguse wapi.

Mwisho akaingia kwa Fundi. "Zima taa."

"Zote?"

"Zote. Na masomo yote yafungue, hata la kumeza, mtu achukue analolihitaji. Na ujumbe wowote unaoingia, niuone."

Fundi hakucheka. Soda yake ilikuwa imeisha gesi mezani. "Dada, yale ya buibui nilitania tu."

"Na mimi nilikubali tu."

Kisha akaandika kwenye jukwaa akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta. Aliandika kwamba mwenzao aliuliza swali la uhai na wamempongeza. Kwamba sheria ya kujibu wawili aliitunga yeye, kosa ni lake, wasitafute mchawi. Kwamba baba wa mwenzao yuko wodini. Akaweka jibu lililopaswa kutolewa siku ile: mtu akikohoa anapokunywa, acha, usimpe kitu mdomoni, mkalishe, nenda hospitali wakampime kumeza. Akaweka na namba yake ya simu, akamalizia: "Kuanzia leo halazimishwi mtu kujibu. Kama hujui, sema hujui."

Akatuma. Bosi, aliyekuwa amemfuata, alisoma mle mle ofisini kwa Fundi, akavaa miwani, akavua. "Likinyamaza," alisema, "darasani unarudi. Nimemaliza."

Likanyamaza.

Kile kimya cha sebule kingekuwa nafuu! Hiki kilikuwa kimya cha watu walioona aibu kutazamana. Mama mdogo, aliyehadithiwa yote, alikuwa anapita na chai, anaiweka karibu naye, haulizi kitu. Shangazi mmoja wa Kifungua Mimba alipiga, akamtukana Chaji mpaka akachoka, kisha akalia, kisha akauliza kama yule mzee akipona ataweza kula tena. Chaji alimweleza anachokijua, na asichokijua akasema hakijui.

Wa kwanza kurudi jukwaani alikuwa Dereva Mstaafu. Hakuandika, alituma sauti, na ndani yake kuku walikuwa wanagombana.

"Mwanangu mwalimu. Ile hongera ni yangu. Mke wangu ana kidonda mgongoni, na somo la vidonda lilikuwa limefungwa mpaka nijibu wawili. Nikaandika sentensi moja, nikaibandika kwa kila mtu. Swali la binti sikulisoma. Nimeendesha mabasi miaka yote, sijawahi kugonga mtu. Sasa..." Hapo kuku peke yao waliendelea.

Chaji hakumjibu kwamba asijali. Alimwambia apige picha ya kidonda aione. Mjukuu Kipenzi akafuata, akaandika "Nisameheni", akafuta, akaandika tena. Wengine walisoma tu. Walikuwa wanaonekana, nukta ndogo pembeni ya majina yao, wapo, hawasemi.

Jina la Kifungua Mimba lilikuwa bado kwenye orodha. Chaji alikuwa ameombwa alitoe, na kila alipotaka kulitoa kidole kiligoma. Baba, alisikia kwa yule shangazi, alikuwa ametolewa kwenye mashine. Hakuwa amepona. Alirudishwa nyumbani analishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na hamtambui mtu kwa uhakika.

Siku moja Chaji alikuwa anamenya vitunguu na mama mdogo, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Nukta ikawaka pembeni ya lile jina. Kisu kikasimama.

"Mpira wa baba umeziba," Kifungua Mimba aliandika. "Uji hauingii. Nisukume kwa nguvu? Nauliza mwalimu, siulizi nyie wengine."

Chaji aliirukia simu kwa mikono ya vitunguu, macho yanamwaga machozi, skrini haishiki vidole. Kabla hajaandika herufi, jibu likatokea. Dereva Mstaafu: "Binti, mimi sijui. Usisukume kwanza. Namtafuta mwalimu."

Na simu ikaanza kuita. Dereva! Akakata, aandike, ikaita tena. Mjukuu Kipenzi! Akakata, namba asiyoijua! Kila akifikisha neno moja, simu inafunika skrini.

"Kwani nani kafa?" mama mdogo aliuliza, amesimama na sufuria.

"Hajafa. Wananitafuta."

Akapiga kwa binti moja kwa moja. Namba inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Nani anaongea naye, anamwambia nini? Akajifuta mikono kwenye gauni la mama mdogo, akaandika kwa kasi: "Usisukume. Simamisha uji. Muache amekaa. Piga wodini, namba hii hapa, waambie umeziba, na mimi napiga huko sasa hivi. Nijibu kama umeona."

Akasubiri. Mama mdogo alisubiri naye, bila kujua wanasubiri nini, mkono wake begani mwa Chaji.

"Nimeona," Kifungua Mimba aliandika. "Nilikuwa nimeshaacha. Yule mzee wa mabasi nilimpa namba yangu, yuko kwenye simu, hapa naandikia ya shangazi. Anasema hajui, lakini hakati."