Mlango wa Chumbani kwa Mama

Baba yangu alikuwa seremala, na nyumba yetu haikuwa na mlango hata mmoja wa ndani. Mapazia matupu! Mtaa mzima ulifunga na kufungua kazi ya mikono yake. Sisi, upepo ukivuma kidogo, tulionana mpaka ndani. Na msinianzie habari za kinyozi kutojinyoa, nimeusikia msemo huo mpaka umenitoka puani. Kila mlango aliotutengenezea, jirani alizuka na shida yake, na baba neno "hapana" hakulijua.

Bibi mzaa mama alipotuma habari kwamba anakuja, mama alikosa raha. Safari iliyopita bibi alisema wazi: "Nikikuta tena pazia chumbani kwako, nakubeba wewe na wanao. Sikukuzaa ukae kama uko gulioni." Na bibi yule akisema, amesema.

Basi baba akajichimbia karakanani. Akaranda, akapiga msasa, akatoa mlango wa mninga, jamani, mlango! Asubuhi ya ugeni akaubeba begani, mimi nyuma na bawaba. Nani kasimama uani? Mama Mapacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, kajifungua juzi tu. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa ukaanguka, na wachanga wanapigwa na baridi.

Baba akamtazama mama. Mimi moyoni: thubutu!

Mama akafumba macho. "Mpelekee," akasema. "Haraka, kabla shetani hajanishika."

Nililia kwa hasira. Bibi akafika, akaliona pazia, hata maji hakunywa. "Fungasha," akamwambia mama.

"Mlango ulikuwepo, mama. Nimeutoa mimi mwenyewe. Mume wangu usimseme."

"Umempa nani?"

Nikamshika bibi mkono, nikampeleka kwa Mama Mapacha. Akaufungua ule mlango, akaufunga. Haukutoa hata mlio. Wale wachanga walikuwa wamelala fofofo. Bibi alisimama pale kitambo, akijipangusa macho kwa upindo wa nguo yake.

Tuliporudi, mama alikuwa amekaa kitandani, nguo zake ziko begini, baba kajiinamia pembeni. Bibi akalipindua lile begi, nguo zote zikamwagika.

"Zirudishe kabatini," akasema. "Na mkwe, nitafutie kitanda. Nilikuja kuchukua mtoto. Nimepata pa kuzeekea."