Mfalme wa Ndege na Sharti la Jytte

Kila Jumapili ya kwanza ya Machi mimi na mke wangu Jytte tulikuwa tunaamka alfajiri kuhesabu ndege wa mtaani kwetu. Miaka thelathini na moja, daftari lile lile, naye ndiye mwandishi. Sharti alilitoa yeye: ndege haandikwi mpaka tumsikie sote wawili. "Ukimsikia peke yako, Ejvind, hiyo ni ndoto," alikuwa akisema. "Na ndoto haziandikwi."

Mwaka huu nilitoka na binti yetu Maren, maana Jytte tulimzika Januari.

Niseme kweli, sikutaka. Maren ndiye aliyekuja na kahawa na kunivuta nitoke kitini.

"Baba, vaa viatu. Mama angekusema."

"Angenisema kweli, mdomo ule!"

"Basi twende kabla hajaanza."

Ardhi ilikuwa bado ngumu kwa baridi. Uani kwa jirani shomoro walikuwa wanagombana kama ndugu kwenye mirathi, nikawaandika. Juu ya paa la shule yule ndege mweusi wa mdomo wa manjano alikuwa anaimba kwa raha zake, utadhani hakuna aliyekufa. Nilimkasirikia, wallahi. Nikamwandika hivyo hivyo.

Shida yangu ilikuwa makaburini. Kwenye misonobari ya kule anakaa kidege mdogo kuliko wote, tunamwita mfalme wa ndege kwa ule utepe wa manjano utosini. Sauti yake nyembamba mno. Masikio yakizeeka, yeye ndiye wa kwanza kupotea. Mimi alinipotea miaka minane iliyopita. Tulikuwa tumesimama pale, Jytte akaniuliza, "Umemsikia?" Nikaona aibu. Nikasema, "Nimemsikia, kwani mimi kiziwi?" Akaandika. Tangu siku hiyo nikawa namdanganya kila mwaka, na amekufa hajui. Hilo lilikuwa linanila moyo, na nilikuwa nimeapa leo nitamwambia.

Kaburi lake lilikuwa bado limefunikwa matawi ya msonobari, kama huku kwetu tunavyoyafunika makaburi yote wakati wa baridi. Nikavua kofia.

"Jytte, mimi mwongo. Yule mfalme wako sijamsikia miaka minane."

Maren akaziba mdomo kwa glavu. Sikujua kama anacheka au analia.

"Jamani, Baba! Mama naye alikuwa hamsikii."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe, hospitalini. Siku ile alikuuliza kwa sababu hakusikia kitu. Alitumaini na wewe umemkosa, mchekane uzee. Ukasema umemsikia, akaona haya. Akanikataza nisikwambie. 'Mwache mzee wangu na masikio yake,' alisema, 'ndicho kitu pekee kizima alichobakiwa nacho.'"

Nikakaa kwenye benchi. Miaka minane tumesimama chini ya miti ile tumeshikana mikono, kila mtu na upweke wake. Ningesema "hapana" siku ile, tungecheka mpaka nyumbani. Majuto ni mjukuu, nasi wetu kazaliwa bibi yake ameshazikwa.

Nikafungua daftari nimfute mfalme mara zile nane. Sikuwahi kusoma alichoandika. Kazi ilikuwa yake. Kila ndege ameandikiwa pembeni "wote wawili". Shomoro, wote wawili. Njiwa, wote wawili. Kwa mfalme, miaka ile minane yote, kaandika neno moja tu: "Ejvind".

Sharti lake mwenyewe alilivunja kwa ajili yangu. Kwa neno langu tu.

"Baba," Maren akanong'ona, akanyoosha kidole juu. "Huyo hapo. Unamsikia?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo, umeshazoea.

"Hapana, mwanangu. Hebu mwigize."

Akabana midomo, akapiga mluzi. Niliona midomo yake tu, imebanwa kama ya mama yake. Nikachukua kalamu, nikaandika: "Mfalme wa ndege. Maren. Ejvind hakumsikia." Nikamwomba Maren anisomee kama nimeandika sawasawa, kwa maana nilikuwa sioni tena.