Beki wa Kulia Anatafuta Nini Kushoto

...na taulo lilikuwa na moto ule ule anaoutaka mtu asiyetaka kufikiri, moto wa shuka lililoanuliwa juani sasa hivi, kiasi kwamba kipa alijiambia angehamia humu kabisa, aletewe na mto, kwa sababu chini ya taulo la kinyozi macho yake mawili yalikuwa sawa kwa mara ya kwanza msimu mzima, la kulia halioni, la kushoto halioni, hakuna wa kumcheka mwenzake, kulikuwa na wekundu tu unaoelea kama kitambaa ndani ya beseni, na harufu ya sabuni, na feni juu inayolia kwi, kwi, kama kitanda cha wageni, na sauti ya fundi simu, ambaye hakuja kunyolewa maana kichwani hana cha kunyolewa, alikuja kubishana, akisema, "Bwana Picha mimi simtaki hata kwa kulogwa, mshambuliaji gani anachana nywele kabla ya kupiga kona fupi," na mama wa mayai, aliyeegesha trei zake mlangoni na kujipatia kiti bila kukaribishwa, akamjibu, "Mwache achane, angalau hilo analipatia," na kipa akacheka ndani ya taulo, kicheko kikamrudia mdomoni kikiwa kimelowa, maana hawa watu hawamjui, na huo ndio utamu wa kazi yake, kipa wa mpira wa magongo anaingia uwanjani na kofia ngumu yenye wavu usoni, na mapedi miguuni kama magodoro mawili yaliyogombana, watu wanaimba Komeo, Komeo, jina walilombandika wenyewe, kisha Komeo anavua, anatoka na mfuko begani, na wao hao hao wanamwambia samahani kaka, tupishe kidogo, tunamsubiri Komeo... "Sifa zake zote zimetoka kwenye goli lile la mwaka juzi," fundi simu aliendelea kumchambua Bwana Picha, "na goli lenyewe, mpira ulimgonga kiunoni akiwa amegeuka kutafuta mpiga picha," "Kiuno nacho ni cha timu," mama wa mayai akasema, na feni ikasema kwi... hata hapa kipa asingekuwapo, siku zote hujinyoa nyumbani, ila juzi wembe ulimchana shavu la kushoto, akamwambia mkewe kioo kina ukungu, mkewe akapitisha kidole kwenye kioo, kidole kikatoka kikavu, akamtazama tu kama mtu anayetazama maziwa jikoni, yatafurika au hayatafuriki... na ukungu upo, ila si wa kioo, ulianza pamoja na msimu, pembeni mwa jicho la kushoto, kitu kidogo cheupe kama pazia la bafuni, akasema kitaondoka, kikasogea, akasema kitachoka, kikavuta kiti kikakaa, na sasa ukimwekea kitu kushoto ni sawa na umekiweka kwa jirani, lakini dawa anayo, dawa ni masikio, gongo likigusa mpira yeye husikia ko, hiyo ko ikilia karibu na kushoto kwake anajitupa huko huko, anaanguka kama kabati la... hapana, si kabati, kama ukuta, na mpira hauingii, ushahidi huu hapa, msimu mzima kushoto halijapita goli, hata la kusingiziwa, magoli yote yanapita kulia, upande wa jicho zima, mpaka alishawahi kujiambia, akiwa kazini kwake, pale dukani kwao anakokata vioo, ambavyo siku hizi vinatoka na ubavu mmoja mrefu kuliko mwenzake, kwamba labda ugonjwa uko kwenye jicho linaloona, lile bovu ndilo linalodaka.

"Ila huyo Kabati," fundi simu alisema, na kiti kikalalamika chini yake, "huyo ndiye anayetumaliza," na taulo likaonekana kupoa kidogo, kwa sababu Kabati, beki wa kulia, ni shemeji yake kipa, mdogo wa mkewe tumbo moja, mwoka mikate, huja mazoezini na unga kwenye nyusi kama babu aliyezeeka kuanzia juu, na wamembatiza Kabati kwa sababu ukishamweka mahali, wanasema, atakaa hapo mpaka mhame nyumba, "Leo kocha anakuja kunyolewa hapa hapa," fundi simu alisema, "namwambia usoni, Jumamosi Kabati akae benchi, tukifungwa tumeshuka daraja, na tukishuka wafadhili wanaondoka, na wafadhili wakiondoka wewe mama mayai yako utawauzia mbuzi wa uwanjani," "Mbuzi hawakopi," mama wa mayai akasema, "sioni hasara"... na kipa alijisikia akitikisa kichwa kukubali, taulo na vyote, kwa sababu hata yeye amechoka, msimu mzima amepiga kelele nyuma ya wavu ule, toka hapa shemeji, panda juu, unanizibia, unanipumulia, na shemeji hujibu "Sawa shemeji," anasogea hatua, kisha anarudi pole pole kama mlango usio na kitasa, na siku moja alimsema mbele ya wenzake, akamwambia tukitaka samani tutanunua, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na Kabati akacheka nao, akapangusa unga kwenye nyusi, akarudi pale pale... kinyozi alikohoa, huyu kinyozi naye ana kikohozi cha ajabu, alipokuwa anamfunga shuka shingoni alitokea kushoto, kipa akaruka nusura aangushe makopo ya poda, kinyozi akasema "Samahani kaka," na tangu hapo kila akitaka kupita upande ule hukohoa kwanza, hm, kisha hupita, kulia hakohoi... adabu za watu ni nyingi... wekundu uliendelea kuelea, ukawa uwanja, ukawa jioni, watu wadogo wanakimbia mbali na magongo yao kama wanaofagia, hakuna anayepiga kelele, hata mpira unakuja taratibu, umebeba mwanga wake, na mama wa mayai akasema kutoka mbali sana, kama anasema kutoka ndani ya yai, "Mimi niulize kitu kimoja tu. Beki wa kulia anatafuta nini kushoto?"

"Ndilo hilo," fundi simu alisema, "ndilo hilo hilo mama yangu, kushoto kuna beki wake, wanabanana wawili kama wanagombea siti ya dirishani, kulia kumebaki uwanja wa kuanikia nguo, mtu anapita na mke na watoto, anafunga, anaaga, na Kabati yuko wapi, amemganda Komeo ubavuni, kushoto, mchezo mzima kushoto, kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake," "Hata mpira ukiwa kulia," mama wa mayai aliongeza, "anautazama tu, roho yake iko kushoto," na kipa alitaka kucheka tena, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, lakini hakikutoka, kilikaa pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani... kushoto... mchezo mzima kushoto... na ikapita harufu ya unga, hapa pasipo na unga, na meza ya nyumbani ikaja na kuelea kwenye wekundu, kikombe cha chai kimewekwa kushoto, mkono wake unakipiga, chai inakimbilia magoti ya watu, mkewe anasema mume wangu ni kipa wa kila kitu isipokuwa vikombe, na shemeji anainuka, anazunguka meza, anakaa kushoto, anakisogeza kikombe kile, na tangu siku ile hajawahi kukaa kwingine, ukimuuliza anasema "Upepo mzuri upande huu," na ukuta ndio uko upande huo, dirisha liko kule, upepo gani unatoka ukutani, na wakitoka mazoezini njiani shemeji yuko kushoto, kati yake na mtaro, kati yake na nguzo, kati yake na baiskeli zinazokuja bila kengele, na yeye amekuwa akidhani kijana ana mazoea tu, wengine wanatafuna kucha, huyu anatembea kushoto... na ile ko... kipa alishika mikono ya kiti chini ya shuka, ile ko iliyo karibu mno, anayojitupia kila Jumamosi, ya adui gani inayolia hatua moja kutoka sikioni mwake, haikuwa ya adui, lilikuwa gongo la Kabati, Kabati anausimamisha mpira, anauondoa, na baadaye kidogo Komeo anaanguka kwa kishindo mahali ambapo mpira ulishaondoka, vumbi linatimka, watu wanaimba Komeo, Komeo, na Kabati anasaidia kumwinua na kumwambia umedaka shemeji, umedaka vizuri... hajasema, hajamwambia kocha, pengine hata dada yake hajamwambia, ameacha upande wake wazi ili afiche upande wa mwingine, magoli yanapita kwake, matusi yanapita kwake, na yeye "Sawa shemeji," hatua moja, na kurudi... tukitaka samani tutanunua... taulo lilikuwa limelowa zaidi kuliko kinyozi alivyolilowesha.

"Na huyu ndugu chini ya taulo," fundi simu alisema, "timu yetu anaijua? Kaka, Jumamosi nani atoke?" na kipa akasikia maneno yanatoka kabla hajayapanga, yakipita kwenye kitambaa, mazito, "Kipa," akasema, "kipa ndiye atoke," na kicheko kikalipuka, fundi simu akapiga goti lake, mama wa mayai akasema, "Mtoeni hilo taulo, limeshaingia kwenye ubongo," "Mwache," fundi simu akasema, "yuko usingizini, hajui hata tunacheza mchezo gani," "Kocha akija," kipa akasema tena, pole pole, kama anayejisomea, "nitamwambia mwenyewe," na wakacheka upya, wakarudi kwa Bwana Picha na kitana chake, na feni ikarudi kwa kwi yake, na wekundu ukaelea vile vile, na moto wa taulo ulikuwa ule ule, haujaisha, kocha hajafika... kisha upande wa kushoto mtu akakohoa, hm, na kipa, ambaye msimu mzima hajathubutu kuuliza swali hilo, si uwanjani, si mezani, si kwa mkewe mbele ya kioo, akageuza kichwa chote kuelekea huko, taulo na vyote, akauliza, "Nani yuko kushoto kwangu?"

"Mimi, kaka," kinyozi akasema. "Niko hapa."