Maiti Mwenye Kamera

Kila mwaka, kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, tunapigana vita ambavyo mababu zetu walishindwa, na kila mwaka tunashindwa tena. Mimi ndiye mpiga picha. Lakini mpiga picha haruhusiwi kuonekana, maana enzi zile vitani hapakuwa na kamera. Kwa hiyo mjomba, mwenye studio na jemadari wetu vitani, alibuni njia: navaa nguo za askari, napakwa rangi nyekundu shingoni, nauawa mapema, kisha nalala kifudifudi na kamera nimeificha chini ya kitambaa. Hapo chini napata picha asizozipata mtu aliyesimama. Viatu vinavyokimbia, vinywa vilivyo wazi, wanaume wanavyodondoka. Baadaye wanajazana studio kwa mjomba, kila mmoja anataka picha yake akifa.

Sheria ni moja tu: aliyekufa haamki mpaka tarumbeta ilie. Akiamka, aliye karibu anampiga tena kwa baruti tupu, isiyo na risasi, naye lazima aanguke. Nimeishika sheria hiyo tangu nilipomaliza shule ya msingi.

Mwaka huu alikuja studio dada mmoja mwenye gari jeupe, mpiga picha za maigizo, anayezunguka mji hadi mji. Akaona picha zangu ukutani.

"Aliyepiga hizi ni nani?"

"Sisi," mjomba akajibu.

Yule dada akaniangalia mimi. Wakati wa kutoka akaninong'oneza mlangoni: "Natafuta msaidizi. Kesho nitakuwa kwenye lango la uwanja, ila siwezi kungoja vita viishe, nina kazi mji wa pili. Kamera ninazo. Njoo wewe tu."

Nilimwambia mjomba kwa adabu zote. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisimama mbele ya kioo na koti lake la jemadari, akawa anafunga vifungo polepole. "Sawa, mwanangu. Tumalize vita kwanza." Asubuhi yake akaniomba simu, eti isije ikalia vitani mababu wakashtuka, akaitia mfukoni. Kisha akanipangia kufia katikati kabisa ya uwanja. Miaka yote nilikuwa nafia kando.

Nikafa. Kabla sijatulia, Pipa, fundi wetu wa magodoro, naye akapigwa, akaniangukia miguuni chali, mwili wote.

"Kaka Pipa, sogea."

"Nimekufa."

"Najua umekufa. Kafie pembeni kidogo."

"Maiti hachagui, dada. Halafu nipige upande huu, ule mwingine una chunusi."

Nikampiga picha. Kidole kilibonyeza chenyewe. Kisha nikaigeuza lenzi langoni, ikanisogezea yule dada kama yuko hatua mbili. Amekinga jua kwa kiganja, anatafuta. Anatazama wanaokimbia, anatazama waliosimama. Nani angenitafuta chini? Akaangalia saa, akazunguka upande wa usukani.

Nilijichomoa, kiatu kimoja kikabaki chini ya Pipa. Nikasimama.

"Maiti kaamka!" watazamaji wakashangilia.

Kinyozi wetu, ambaye siku hiyo alikuwa adui, akanigeukia. "Samahani, dada," akasema, na pa!

Nikaanguka. Hakuna aliyenisukuma. Magoti yalikunjika, mkono ukaenda kifuani, uso ukageukia watu kama nilivyofundishwa. Nilikufa vizuri kuliko mara ya kwanza. Wakapiga makofi. Ni pale, vumbi likiwa mdomoni, ndipo nilipoogopa kweli. Mjomba hakuhitaji kunifungia mlango.

Nikasikia injini ikiwaka. Nikasimama tena.

Safari hii alikuja mjomba mwenyewe na bastola yake. Usoni alikuwa akiwachekea watu, lakini maneno yalipita kwenye meno yaliyobanwa.

"Lala, mwanangu. Unaniharibia."

"Naenda, mjomba."

"Ukienda, nani atalala chini na hawa?"

Akapiga. Moshi ukanijaa machoni. Magoti yalitaka, nikayakaza, nikauma ulimi. Akapiga tena.

"Huyo hafi!" mtu akapaza sauti, wengine wakazomea.

Mjomba akashusha bastola. Kwa mtu asiyeanguka hakuwa amepanga lolote. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwake, sikuiomba. Nikavua mkanda wa kamera shingoni, nikailaza juu ya tumbo la Pipa.

"Iangalie isiingie vumbi, kaka."

Maiti akafumbua jicho moja. "Nenda basi, unanitia aibu hapa."

Gari lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Nikapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Yule dada akashusha, akaiona shingo yangu, akashika mdomo.

"Umeumia!"

"Ni rangi. Fungua."

Akafungua. Niliketi, mguu mmoja peku, mkanda wa gari nikausahau, akanifungia yeye.