Mkono wa Protais

Siku aliyochukuliwa, Protais alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mkutano uliitishwa ufukweni Kibirizi, pale pale kina mama wanapoanika dagaa. Yeye alikuwa akibeba magunia tangu alfajiri, lakini aliposikia kwamba watazungumzia muziki, aliacha kazi akaenda nyumbani kuoga kwanza.

Ni kweli walizungumzia muziki. Msimamizi wa mradi, Bwana Leodgar, alisema hapo utajengwa ukumbi wa taifa wa okestra, na mwananchi wa kawaida ataingia bila kiingilio. "Muziki huu si wa wakubwa tu," alisema. "Ni wenu."

Protais alijifunza fidla utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa padre mmoja mzee, na mpaka siku ile alikuwa akiipiga parokiani kila Jumapili. Alimgusa mkewe kiwikoni. "Umesikia, Goreth? Ni wetu."

Goreth aligeukia kina mama wenzake. Asubuhi yeye na wenzake walikuwa wamekubaliana: wakiulizwa, watakataa. Ukumbi ukija, dagaa wataanikwa wapi? Hakumwambia mumewe, asimharibie furaha. Lakini sasa mgambo walikuwa wamesimama nyuma ya watu na virungu vyao.

Mwenyekiti wa mtaa akashika kipaza sauti. Spika ilikuwa ikikoroma.

"Sitauliza nani anaunga mkono. Najua ni wote. Wanaopinga wanyooshe mikono, niwaone."

Kina mama wakatazama miguu yao. Shadia, aliyekuwa ameapa kwa kaburi la mama yake kwamba atasimama wa kwanza, akaanza kujifunga kanga upya. Goreth akakalia viganja vyake. Kisha akaona watu wanageukia upande wake.

Mkono wa Protais ulikuwa juu, umenyooka, na uso wake uling'aa.

"Mimi hapa, Mwenyekiti! Tangu utotoni!"

Badala ya "wanaopinga", alikuwa amesikia "wanaopiga".

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza ghafla. Goreth alivuta pindo la shati la mumewe, lakini mgambo wawili walikwisha fika.

"Twende mara moja, kaka."

"Nipitie nyumbani nichukue fidla?"

"Wewe njoo tu."

Akaondoka nao upesi upesi, kama mtu anayeogopa kuchelewa ibada.

Kituoni walisema hawakuletewa mtu wa jina hilo. Mwenyekiti alisema hakuagiza mtu yeyote akamatwe. Goreth alirudi nyumbani Katubuka akafunga mlango, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya azime redio.

"Nenda kwa yule Bwana Leodgar," Shadia alimwambia. "Mweleze alisikia vibaya. Sikio nalo linafungwa?"

"Twende wote basi."

"Mimi? Mimi nina watoto, Mama Mélanie."

"Na mimi nina mbuzi?"

Shadia alicheka, kisha akafuta macho. Hakwenda. Alibaki na Mélanie, binti wa Goreth, ambaye alikuwa bado hajaanza shule.

Bwana Leodgar alimpokea vizuri, akamvutia kiti mwenyewe. Upole ule ulimtia Goreth hofu kuliko virungu.

"Kwa hiyo mumeo anautaka ukumbi."

"Sana, baba. Kuliko hata mimi."

"Ahaa. Kuliko wewe."

"Nilitaka kusema... kuliko watu wote. Hakusikia tu. Alidhani wanaitwa wanaopiga."

"Watu wote walisikia. Yeye Kiswahili kilimpita wapi?"

"Spika, baba, ilikuwa inakoroma."

"Spika ilikuwa ya wote. Piga, pinga. Mtoto wa darasa la kwanza anajua tofauti." Akainamia meza. "Mumeo ni mtu wa wapi, mama?"

Alikuja kumtoa mumewe kwenye kosa la kunyoosha mkono, na kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amemtia kwenye kosa la kuzaliwa.

"Wa hapa hapa. Katubuka."

"Na kabla ya Katubuka?"

Goreth alitazama mlango.

"Mama, unanisikia?"

"Ego," lilimtoka, ndiyo ya kwao ng'ambo ya mpaka. Akaongeza haraka, "Hata Waha wanasema hivyo, baba."

"Sijakuuliza Waha wanasemaje." Alikuwa akitabasamu. "Na wewe ni wa wapi?"

"Kidahwe."

"Kidahwe kwa nani?"

Alitaja jina la mzee aliyewahi kuwapa wazazi wake shamba la kulima. Bwana Leodgar alitikisa kichwa taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Mmejaliwa watoto?"

"Hapana," alisema Goreth.

Alitoka bila kuaga. Alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba hata jibu la alichokuja kuuliza hakupewa, na kwamba hawezi kurudi kuliuliza.

Mwezi uliofuata walisimamisha bango kubwa kwenye mteremko wa Kibirizi. Pasaka iliyopita watu wa mradi walikuwa wamepiga picha parokiani, na kati ya picha zote walichagua ya Protais: kidevu juu ya fidla, macho yamefumbwa, shati lile lile. Chini yake iliandikwa: MUZIKI NI HAKI YA KILA MTU.

Goreth alikuwa akishuka na beseni kichwani na mtoto mkononi.

"Baba!" Mélanie alipiga kelele. "Mama, baba yule!"

Watu wawili wakageuka. Goreth aliachia beseni, dagaa wakamwagika, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Siyo baba."

"Ni baba," mtoto alisema ndani ya kiganja.

"Siyo. Sema siyo."

Ufukwe umezungushiwa mabati sasa. Bango limewekewa taa, linaonekana hata kutoka majini. Mélanie amehamia kwa Shadia. Mbele za watu humwita Shadia mama, na Goreth akipita humwamkia, "Shikamoo, shangazi."