Magoti ya Lemuel Tuggle

Lemuel Tuggle alisikia wito wa kuhubiri wiki ileile watumwa wa baba yake walipotorokea Kaskazini. Kusini na Kaskazini ya Marekani zilikuwa vitani, na walipokuwepo, sheria ya Kusini ilimwacha nyumbani Virginia awasimamie badala ya kwenda kupigana. Sasa iliyobaki ni sheria inayowasamehe wahubiri wasiende vitani. Sajini wa kuandikisha askari alikuwa ameketi mlangoni mwa kanisa, akingoja aone kijana atatoka humo na cheo gani.

Keturah Pettus, mjane, alikaa benchi la mbele. Shemasi Tuggle, baba yake Lemuel, ndiye aliyevisifia vita kanisani mpaka Asa, mtoto wa pekee wa Keturah, akajiandikisha. Asa alizikwa Gettysburg, alikofia vitani.

"Kuna mwenye neno?" mchungaji Burruss akauliza, kama Wabaptisti waulizavyo kabla ya kumwekea mtu mikono awe mhubiri.

"Ninalo," Keturah akasema. "Huyu hajabatizwa."

"Dada Keturah!" Shemasi akaruka. "Alibatizwa siku moja na Asa wako!"

"Asa alizamishwa mtoni, barafu ikivunjwa kwa shoka. Wako alikohoa mara mbili, ukamrudisha nyumbani, akamwagiwa jagi moja la maji kando ya moto. Jagi nililishika mimi."

Hakuna Mbaptisti aliyeweza kulitetea jagi; kwao ubatizo ni kuzamishwa mwili mzima.

"Basi azamishwe leo," mchungaji akasema.

Wakateremka, sajini akiwafuata, hadi mto Rapidan. Ng'ambo, walinzi wa jeshi la Kaskazini walikuwa wakichemsha kahawa.

"Mnafanya nini, nyie waasi?" mmoja akapaza sauti.

"Tunabatiza!"

"Mnazamisha au mnanyunyiza?"

"Tunazamisha!"

"Ndugu zangu kabisa hao! Endeleeni, hapigwi mtu risasi hapa." Wakavua kofia.

Lemuel akaingia pamoja na mchungaji. Maji yalipomfika magotini, mlinzi mmoja akapiga chafya. Lemuel akageuka, akamkumba mchungaji, akaparamia ukingo kwa mikono na miguu.

"Nilidhani bunduki," akasema, akitweta.

"Ni mafua tu, ndugu!" wakamjibu toka ng'ambo, wakicheka hadi kahawa ikamwagika. "Rudi!"

Hakurudi. Shemasi alimvuta mkono, akamsihi, akamtishia jehanamu. Kijana akakumbatia mti.

Sajini akafungua daftari lake. "Mchungaji, huyu ni mhubiri au si mhubiri?"

Burruss alikuwa akikamua koti lake, na kazi hiyo ilimshughulisha sana. Keturah ndiye aliyejibu.

"Amelowa mpaka magotini," akasema. "Kwetu hiyo haihesabiki."