Fundo la Kitenge

Haya nimeyapata kwa Aziza mwenyewe, asubuhi moja mwezi uliopita, akiwa amekaa kwenye mkeka wangu, mikono kaiacha tu mapajani. Hakumaliza. Alifika pale alipopitiwa na usingizi usiku ule, akaishia hapo. Sikumsukuma. Mtaa wetu wote wa Mangobo unajua kilichofuata; ulikuja mazikoni.

Siku ile alikuwa kwenye benchi ya kituo cha afya tangu jua halijawa kali, na Nasra, binti yake wa miaka saba, magotini. Mkono wa kushoto wa Nasra ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mtoto alishaacha kulia; alikuwa anaguna tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Fadhili, jirani yao, alikuwa amempakia kwenye toleka, ile baiskeli yake ya kubebea watu na makala, yaani makaa, ili asikanyage matope akienda shule. Gurudumu likaingia shimoni. Shimo lile ni la zamani kuliko Nasra.

Muuguzi Désiré, ambaye wote tunamwita docta, aliuvuta mkono ukanyooka, akaufunga kwa vipande vya katoni na bande. Nasra alipiga ukelele mmoja, akajikojolea. Aziza akapangusa benchi kwa kitenge chake mwenyewe, huku akiomba samahani.

“Docta, mutoto iko na uchungu sana. Dawa ya kutuliza haiko?”

“Mama, mufupa ikivunjika inauma. Ulitaka icheke?”

Waliokuwa ndani wakacheka. Aziza naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akauliza kama hakuna ile sirop ya watoto, dawa tamu ya maji. Désiré akasema imeisha. Akamwaga vidonge vyeupe kwenye kipande cha karatasi, akakisokota, akamsukumia juu ya meza, macho kwenye simu. Nusu-nusu, akisha kula, alisema, na mwingine aingie.

Aziza akakifunga kile kikaratasi kwenye ncha ya kitenge. Alikuwa hajafika mlangoni gari la kamanda liliposimama. Akashuka mke wa kamanda na kijana wake, aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza mpira. Hao hawakukaa benchi. Désiré alisimama, akawavutia viti, akafungua kabati, akatoa chupa ya sirop pamoja na kijiko chake. Nyuma ya chupa ile Aziza aliona nyingine, zimejipanga kama watoto wa shule.

Désiré akaeleza kwa Kifaransa, polepole, akitabasamu. Micheline, anayefagia pale, ndiye aliyenifafanulia baadaye. Alikuwa anamwambia madame kwamba sirop na vile vidonge vyeupe ni dawa moja, tofauti ni sukari tu. Kwamba kwa maumivu ya mtoto hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Kwamba asikubali mtu ampe kijana vitu vikali. Yote hayo aliyasema. Aziza alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Alichosikia ni “madame” na “voilà”.

Kwetu, vidonge vya kusokotwa kwenye karatasi tunaviita enda-kwako. Ni vya kumtoa mtu mlangoni. Dawa yenyewe iko kabatini, na kabati lina wenyewe.

Nyumbani mvua ikaanza. Nasra hakuweza kulala wala kukaa. Ukimgusa anaguna, ukimwacha anaguna. Aziza alimpepea, akamsomea zile sura fupi anazozijua. Akafungua fundo la kitenge, akavitazama vile vidonge, akalifunga tena. Hakutaka kumdanganya mtoto.

Fadhili alikuwa amekaa kizingitini tangu adhuhuri, amelowa, hathubutu kuingia. Mtoto alipoguna, naye alijikunja. Mwishowe akatoa kwenye mfuko wa shati kidonge cha tramadol, ile dawa kali ya rangi mbili wanayomeza wanaume wa toleka kabla ya kupandisha mizigo.

“Mama Nasra, hii si ya karatasi,” alisema. “Hii ni ya kweli. Mimi nabebaka magunia ya makala, mugongo haiumi hata.”

“Kwa mutoto je?”

“Mupe kidogo.”

Wala hakuna aliyejua kidogo ni kiasi gani. Aziza alikipasua, akanyunyiza unga wake kwenye uji, akaukoroga na sukari yote iliyobaki, kwa sababu ulikuwa mchungu. Nasra akanywa. Kwa muda mrefu ilisikika mvua tu juu ya mabati. Kisha mtoto akafumbua macho, akatabasamu.

“Mama,” akasema, “mukono imeenda.”

Akalala. Fadhili akashika uso kwa mikono miwili, akasema alhamdulillah, akaenda zake kwa mguu, akiisukuma baiskeli bila kuipanda.

Aziza akajinyoosha kando ya mwanawe. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliwaza kesho ampelekee Fadhili sombe, mboga ya majani ya muhogo, ampe mkono wa asante. Akaweka kiganja kwenye kifua cha Nasra. Kikapanda, kikashuka, kikakawia, kikapanda. Ndivyo anavyopumzika mtoto aliyeteseka, aliwaza.

Fundo la kitenge likamchoma ubavuni. Alilisogeza pembeni bila kulifungua, akalala.